Imani katika riwaya za vijana

Dini huingia katika riwaya za vijana kwa nafasi chache zilizozoeleka: kwenye msiba, harusini, kwa mchungaji mnafiki au kwa mganga wa kienyeji. Kinachokosekana mara nyingi ni imani yenyewe, ile inayoamua mtu ale nini, afunge duka saa ngapi na aoe nani.

Takadini ya Ben Hanson, iliyosomwa kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania, imelikwepa kosa hilo. Sekai anajifungua mtoto albino, na mila inataka mtoto huyo auawe. Mama anatoroka naye. Mwandishi mvivu angeishia hapo: mila ni giza, mama ni nuru. Kumbe anayewasitiri ugenini ni Chivero, mzee mganga, na ndiye anayemfundisha mtoto huyo, Takadini, kupiga mbira. Imani ileile iliyotaka kuua ndiyo inayohifadhi, na msomaji wa miaka kumi na sita anaachiwa aumize kichwa mwenyewe.

Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari, alithubutu zaidi katika Rosa Mistika (1971). Alimpa msichana wa Ukerewe jina la sifa ya Bikira Maria, kisha mwishoni akawafikisha wahusika wake mbele ya Mungu. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi, ingawa hukumu ile ya mbinguni ndiyo nzito kuliko yote. Abdulrazak Gurnah naye, katika Paradise (1994, Peponi kwa Kiswahili, 2022), anamwonyesha kijana Yusuf akigundulika kuwa hawezi kusoma Kurani. Hamid, mwenyeji wake, anaona aibu na kumpeleka chuo cha Kurani. Katika nyumba hiyohiyo Kalasinga, ambaye ni Singasinga, anatangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Aibu, utani na ubishi wa barazani: hivyo ndivyo dini inavyoishi nyumbani.

Hedaru, wilayani Same, chini ya milima ya Upare, ina malighafi ambayo vitabu hivyo havikuigusa. Wamisionari Wasabato Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na leo Wasabato ni wengi, wakiishi pamoja na Walutheri, Wakatoliki na Waislamu. Kabla yao wote kulikuwa na mshitu, unyago wa Wapare uliofanyika msituni, ambao wamisionari waliupiga vita. Kwa Msabato, Sabato huanza Ijumaa jua linapozama: chakula kimeshapikwa, kazi imesimama. Kipa wa imani hiyo anapopangiwa fainali ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, Jumamosi, mwandishi amepata kisa kizima bila kuhitaji jini wala mchungaji mwizi. Kocha ana hoja, mama ana hoja, na kipa wa akiba, mtoto wa Kiislamu aliyekuwa akingoja nafasi hiyo mwaka mzima, ana hoja pia.

Wachapishaji wanaotegemea soko la shule huogopa malalamiko ya madhehebu, na mhariri huona salama kumwacha mhusika bila dini yoyote. Woga huo unatoa vijana wa kitabuni wasiofanana na jirani yeyote wa Hedaru. Waandishi wa Same waandike, na wahariri wayaache madhehebu yatajwe kwa majina yake.