Kijana anaposikia sauti, tusingoje

NDUGU Waislamu, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Kwetu Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Lakini kabla ya mahakama kuna nyumba, hapa Igowole na kwingineko.

Kijana anayeanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, au kuamini kuwa anawindwa, yumo hatarini zaidi mwanzoni mwa maradhi. Hata akipata nafuu tusijisahau: huenda ndipo akayatambua yaliyomsibu, akaona aibu na kukata tamaa. Tumuulize kwa upole iwapo anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo moyoni. Asiachwe peke yake, dawa za mashamba zifungiwe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa, huku dua na ruqya vikiendelea.

Kujiua ni haramu. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili hadi zimrudie. Basi aliyeinuliwa kalamu na Mola wake, sisi tunamhukumu kwa lipi? Tumtibu.

Wallahu a'lam.