Ndege wa Hori ya Mida Wanaondoka: Nani Amewahesabu?

Kaskazi imeishiwa na nguvu. Upepo wa asubuhi hauna mwelekeo, wa jioni wageuka, na wavuvi wa Watamu na Malindi wasema tumeingia tanga mbili. Kusi i karibu kubisha hodi. Wazee wetu walipoziona dalili hizi walijua kwamba majahazi ya Bara Arabu na Uajemi, yaliyoshuka na kaskazi, sasa yatatweka kurudi kwao. Majahazi hayo hayaji tena kama zamani. Lakini wako wasafiri wengine wa upande huo huo ambao hawajaacha kuja, na hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo.

Nenda, ndugu msomaji, hadi Hori ya Mida, karibu na Watamu, siku za mwisho za Machi, uketi kimya pembeni mwa mikoko wakati maji yanapoanza kujaa. Mchanga unapofunikwa kidogo kidogo, ndege waliokuwa wametawanyika mbali hufinywa na maji, wakasogea, wakakusanyika mbele yako kwa mamia. Tazama vitwitwi. Mwezi wa Desemba wote walikuwa na rangi ya kijivu, wala hapakuwa na cha kuwatofautisha. Sasa baadhi yao matumbo yameiva rangi ya matofali, na wamenenepa hata mtu adhani wamefugwa. Hiyo ni nguo ya harusi, na mafuta hayo ni masurufu ya safari. Kuna kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda, asiyezidi uzito wa yai la kuku, ambaye kutoka hapa hadi nyika za baridi za Siberia anakozalia ana zaidi ya kilomita 8,000. Huko theluji bado haijaanza kuyeyuka wakati sisi twangoja masika.

Karibu nao utamwona mwingine mkubwa zaidi, mweupe pe, mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mzito mweusi kama kisu cha mchinjaji. Huyu ni mla kaa. Hukimbia hatua chache, husimama, huruka juu ya kaa, na kazi imekwisha. Kwao ni visiwa na fukwe za Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu, na hata pwani ya Somalia. Katika jamii yake yote ya ndege wa fukweni, huyu peke yake huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, katika miezi ya joto kali ambalo mtu hawezi kulikanyaga kwa mguu mtupu. Joto la ardhi lenyewe lamsaidia kuatamia. Kisha huja kwetu na mwanawe, na ukitazama vizuri hapa Mida utamwona kinda aliyekwisha kukua, aliyeruka bahari nzima, bado anamlilia mzazi wake amlishe. Ifikapo Aprili wengi wao wamekwenda zao.

Sasa twauliza: ni nani aliyeandika kwamba walikuwapo? Walikuja wangapi mwaka huu, na waliondoka siku gani?

Jawabu ni kwamba wako wanaoandika, ila sisi wenyewe ni wachache mno miongoni mwao. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi mwaka 1909. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa majini kila Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa, na hesabu hiyo hufanywa hata huku pwani. Tangu 2013 iko ramani ya ndege wa Kenya ambayo mtu yeyote mwenye simu aweza kuipelekea orodha ya aliowaona. Watamu wako watu wanaowavisha ndege pete miguuni na kuwaachilia. Yote ni mema. Lakini kuta ukumbini mtu wa Gede, wa Mambrui au wa Lamu akisoma daftari lake mwenyewe la miaka kumi: hilo bado ni jambo la nadra.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu ndege ni kazi ya Mzungu aliyeshiba. Haya ni maneno ya kusahau. Nabii Suleiman (a.s.), kama tulivyofundishwa chuoni, aliwakagua ndege, akagundua kwamba hudihudi hayupo. Mtu hawezi kujua kwamba mmoja amekosekana kama hakuwa akiwajua wote. Na wazee wetu wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua, ule wa Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, ili wajue lini kupanda na lini kusafiri. Kuyaandika majira, basi, hatukuletewa na meli.

Na yako manufaa ambayo mwenye njaa pia atayaelewa. Mwaka 1971, mjini Ramsar kule Iran, mataifa yalitia sahihi mapatano ya kuhifadhi maziwa, vinamasi na fukwe. Kenya ilijiunga mwaka 1990, ikaanza kwa kuliandikisha Ziwa Nakuru. Delta ya Tana iliandikishwa mwaka 2012. Mapatano hayo yana kipimo: mahali penye desturi ya kupokea ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia moja tu ya ndege wa kundi moja la aina fulani, pana haki ya kuingizwa katika orodha. Angalia basi. Mtu akija na ramani ya hoteli au ya mashamba ya chumvi, yeye atakuwa na hesabu zake za fedha na za kazi. Sisi tukisimama mbele ya ofisa na kusema tu “hapa pana ndege wengi,” ofisa ataandika nini? Lakini tukisema ndege kadha wa kadha, tarehe fulani, saa fulani, miaka kumi mfululizo, hayo ni maneno ambayo wakili aweza kuyashika mkononi. Na mikoko inayomhifadhi mla kaa ndiyo hiyo hiyo inayolea kamba na samaki wachanga. Anayemtetea mmoja amemtetea na mwenziwe.

Yaliyotokea bara yatutoshe kwa mfano. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda kupita kiasi katika miaka ya 2010, heroe wengi walilihama. Kwa kuwa hesabu za kila Januari zilikuwapo, palikuwa na cha kulinganisha. Sisi huku, mabwawa ya nyuma ya Malindi yakikauka, au mlango wa mto Sabaki ukijaa mchanga, hubaki kubishana barazani: huyu asema zamani ndege walifunika anga, yule asema ni uzee unaokuza mambo. Kitabu cha kuamua hakipo.

Tena usidhani kwamba yaliyo makubwa yamekwisha kugunduliwa. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke kuna mnana wa manjano na mweusi asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika misitu hii ya Kilifi. Wataalamu walimjua tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini anakotaga hapakujulikana kwa karibu miaka mia moja. Kiota chake kilikuja kuonekana mwaka 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, nyuma ya Malindi. Mahali ambapo mvua ikikosa hapana hata tope. Watu wa huko huko walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimtafuta. Sisi tulioko mjini twapita kando ya vidimbwi vya namna hii kila siku, tukiviona kuwa ni makao ya mbu tu.

Liko jambo jingine ambalo kwa ukurasa huu ndilo linalotuuma zaidi, nalo ni majina. Mwulize kijana wa leo sululu ni nini, atakujibu kwamba ni chombo cha kuchimbia. Hajui kwamba sululu ni ndege pia, yule wa fukweni mwenye mdomo mrefu uliopinda, na huenda ni mdomo huo uliowafananisha. Kwarara, buabua, membe, mwari, yangeyange, kulastara, furukombe: wangapi katika darasa moja la Mombasa waweza kuwatambua watatu kati ya hao wakiwaona? Kijana anayewaongoza wageni Mida awajua ndege vizuri sana, twamsifu, lakini ukimsikiliza awataja kwa Kiingereza, kwa sababu vitabu alivyosomea ni vya Kiingereza. Na mvuvi mzee, ambaye ana jina la kila mmoja wao na ajua nani huondoka mwanzo, hakuna aliyekwenda kumwandika. Jina moja hutofautiana baina ya Lamu na Vanga. Hiyo nayo ni sababu ya kuharakisha.

Tunayoyataka si makubwa. Fomu za kuhesabia ndege zichapishwe kwa Kiswahili, zenye nafasi ya jina la mahali hapo na jina la mtu aliyelitaja. Walimu wa shule na wa vyuo vya Kurani wawachukue watoto ufukweni mara moja kwa mwaka, na kila mtoto awe na daftari: tarehe, saa, mahali, upepo, maji kujaa au kupwa, ndege gani na wangapi. Asiyejua jina achore. Makundi makubwa yahesabiwe kwa makumi. Hata mabingwa hufanya hivyo. Wala siku haina haja ya kutafutwa katika vitabu, kwa kuwa mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, kila mtu wa pwani ajua kwamba ni bamvua, na bamvua ndiyo inayowasogeza ndege karibu.

Kusi ikishika, wala kaa watakuwa wamefika Omani wakichimba mashimo yao. Hapo mlango wa Sabaki utapokea wageni wa upande wa pili, makundi ya ndege watokao Bukini ambao hukaa kwetu kuanzia Aprili hadi Septemba. Daftari lililokosa kufunguliwa Machi laweza kufunguliwa hapo.