Kahawa ya mazoezi ni ya asubuhi

Mijini kwetu mazoezi yamehamia jioni. Ofisi zikishafungwa na foleni ikipungua kidogo, jimu hujaa, na kando ya barabara kubwa wanapita watu wa raba na fulana, mmoja mmoja na makundi kwa makundi. Wengi wao wameshapata kitu cha kuwaamsha: kikombe cha kahawa nyeusi, au kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu lililonunuliwa dukani njiani. Wanasema kinasaidia, na hawakukosea. Ninachopinga ni saa yenyewe. Kahawa ya asubuhi ni msaada wa kweli kwa mwenye mazoezi, lakini ile ya saa kumi na moja jioni inamchukulia usiku zaidi ya ilichompa mchana.

Tuanze na haki ya kahawa, maana ushahidi wake ni wa miaka mingi. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani David Costill na wenzake waliwapa waendesha baiskeli tisa kahawa yenye miligramu 330 za kafeini, saa moja kabla ya kupanda baiskeli. Siku nyingine waliwapa kahawa iliyoondolewa kafeini. Bila kafeini walichoka kabisa baada ya dakika 75 hivi. Walipoipata walifika dakika 90. Baadaye lilizuka shaka kwamba labda kafeini ya kidonge ndiyo inayofanya kazi na kahawa yenyewe haifanyi, lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walizipima zote mbili kwa kipimo sawa na faida ikatoka karibu sawa. Nguvu hiyo iliwatia wasiwasi hata wasimamizi wa michezo: kwa takriban miaka ishirini mwanariadha aliyekutwa na kafeini kupita kikomo kwenye mkojo alihesabiwa ametumia dawa haramu, mpaka Januari 2004 ilipoondolewa kwenye orodha. Kipimo kinachokubalika leo na wataalamu wa lishe ya michezo ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi kama miligramu 180, yaani vikombe viwili vikubwa vya kahawa ya kawaida, au pungufu ya hapo ikiwa ni robusta ya Kagera, ambayo kafeini yake ni karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro. Faida yenyewe katika mbio huwa asilimia chache tu. Kwa anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 50, asilimia mbili ni dakika moja. Si haba, lakini si muujiza.

Faida hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Tangu tunapoamka, ubongo unajikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyokwenda inazidi, inaingia kwenye vipokezi vyake, na mtu anahisi uzito wa mwili na macho. Kafeini inafanana nayo kwa umbo, kwa hiyo inawahi vipokezi hivyo na kuvikalia, kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba akirudi anakuta kimekaliwa, anabaki amesimama mlangoni. Hajaondoka, na mgeni akiinuka tu atakaa. Ndiyo maana mlima unaonekana mfupi na chuma kinaonekana chepesi: uchovu upo, ila habari zake hazifiki. Na adenosini hiyohiyo ndiyo inayotulaza usiku. Kwa hiyo kahawa haina kazi mbili, moja nzuri ya kukimbiza na nyingine mbaya ya kukesha. Kazi ni moja. Anayeitaka saa kumi na mbili ameikubali pia saa tano usiku, apende asipende.

Hesabu yake si ngumu. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini hutoka mwilini baada ya saa tano hivi. Aliyekunywa miligramu 180 saa kumi na moja na nusu jioni, ikifika saa nne na nusu usiku bado amebeba 90, sawa na mtu anayemaliza kikombe kizima cha kahawa kisha anapanda kitandani. Mwaka 2013 Christopher Drake na wenzake huko Marekani waliwapa watu miligramu 400, kipimo kikubwa kwa kweli, saa sita kabla ya kulala. Kifaa cha kupima usingizi kilionyesha wamepoteza zaidi ya saa moja. Wahusika wenyewe hawakuligundua hilo. Walipoulizwa, hawakuona kama wamelala vibaya. Nawaomba wanaosema “mimi kahawa hainizuii kulala” walitafakari jambo hili, kwa sababu aliyelala si shahidi mzuri wa usingizi wake. Na usingizi ndio wakati ambapo misuli iliyochanika mazoezini inarudishiwa nguvu. Chuo Kikuu cha Stanford kilipowataka wachezaji wake 11 wa mpira wa kikapu walale muda mrefu zaidi kwa wiki kadhaa, utafiti uliotoka mwaka 2011, muda wao wa kukimbia uwanjani ulishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo yao ikaongezeka usahihi kwa asilimia 9. Walikuwa wachache na hawakulinganishwa na kundi jingine, hivyo nisiutie chumvi. Hata hivyo, faida hiyo haiko mbali na ile inayotafutwa kwenye kikombe, na inapatikana kwa kulala.

Kuna watakaonikumbusha wazee wa pwani, wanaokaa barazani baada ya isha, mdila juu ya makaa, kahawa chungu na kashata mkononi, kisha wanakwenda kulala bila tabu. Ni kweli, na sina ugomvi na baraza. Lakini tazama kikombe chenyewe: hakina mkono, kinaenea kiganjani, na kahawa yake ni mafunda machache. Hicho si kipimo cha miligramu 180. Ni kweli pia kwamba miili haifanani. Wapo wanaoivunja kafeini upesi kwa jinsi walivyozaliwa, na wapo ambao kikombe cha mchana wanakuwa nacho mpaka usiku wa manane. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango na wajawazito hukaa nayo muda mrefu zaidi. Mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku, na mwenye shinikizo la damu au tatizo la moyo amwulize daktari kabla ya kuchanganya kahawa na mazoezi makali. Ile hofu ya kwamba kahawa inakausha maji mwilini, kwa mnywaji wa kiasi aliyezoea, haina uzito.

Pingamizi zito ni la mtu anayesema hana asubuhi. Anatoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala, nafasi yake ya mazoezi ni jioni tu, na anafika amechoka. Huyu hapaswi kulaumiwa, lakini kahawa si jibu lake. Kwanza, mwili wenyewe jioni uko tayari kuliko asubuhi: joto lake limepanda na misuli inavuta vizuri. Nchini Hispania, Ricardo Mora-Rodríguez na wenzake waliwapima wanaume waliozoea kunyanyua vyuma, wakakuta, katika utafiti wa mwaka 2012, kwamba kafeini asubuhi iliinua nguvu zao mpaka kufikia zile walizokuwa nazo jioni bila kafeini yoyote. Maana yake kikombe cha asubuhi kinaziba pengo lililopo, na cha jioni kinatafuta pengo ambalo mwili umeshaliziba. Pili, uchovu wa saa kumi na mbili mara nyingi ni njaa na kiu. Aliyekula saa saba mchana na kunywa chupa moja ya maji tangu asubuhi atafaidika zaidi na ndizi mbili, au kipande cha muhogo wa kuchemsha, na maji ya kutosha saa moja kabla. Na kama bado macho yanafumba baada ya hapo, mwili unadai usingizi wa jana, na kahawa ya leo itaongeza deni.

Kwa hiyo, wewe unayekimbia alfajiri, kunywa kahawa yako, uiache ikae tumboni kama saa moja, kisha utoke. Wewe wa jioni, jaribu wiki mbili: kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana, na kopo la njiani liache dukani. Siku tatu nne za mwanzo kichwa kinaweza kuuma na chuma kitakuwa kizito. Vumilia, ulale mapema, kisha upime muda wako na uzito unaobeba, ulinganishe na ule wa kabla.