Uvimbe wa Shingo Usihukumiwe kwa Macho



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wenzangu wengi hudhani ni la madaktari peke yao: uvimbe wa tezi ya shingo, na namna ya kujua kama ni saratani itakayoenea mwilini.

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru twajua maana ya alama. Mwenye meno ya kahawia hana haja ya kutueleza alikokulia. Floridi ya maji imekwisha kusema. Wataalamu nao hutafuta alama ndani ya uvimbe. Karibu chembe hai zote za mwili zina jeni zile zile, kama vile darasa zima lina kitabu kimoja. Tofauti ni kurasa zinazosomwa. Chembe ya tezi hii husoma jeni itengenezayo mlango wa kuingizia madini joto. Katika saratani iliyokwisha kuwa kali, mara nyingi ukurasa huo hufungwa. Hapo tiba ya madini joto yenye mnururisho, ambayo hupitia mlango huo huo, hushindwa. Basi kupima jeni zinazosomwa na zilizonyamaza kwaweza kumwonya daktari mapema.

Wako watakaosema: "Hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Uvimbe ukatwe, yaishe." La, hayaishi. Aliyeondolewa tezi yote hana budi kumeza vidonge kila siku maisha yake yote. Kwa mkulima wa Ngarenanyuki, ambaye nauli ya kwenda mjini ni hesabu nzito, hukumu hiyo si ndogo. Alama zikionyesha kuwa uvimbe ni mpole, nusu ya tezi yaweza kubakizwa, na wengi wa namna hiyo huishi bila vidonge. Kwa hiyo anayekihitaji zaidi kipimo hiki ni maskini.

Lakini vipimo vingi vya aina hii vimetengenezwa Marekani na Ulaya, kwa nyama za wagonjwa wa huko. Penye upungufu wa madini joto, aina za saratani ya tezi hazilingani na za kwingine, na sheria yetu ya chumvi yenye madini joto ni ya miaka ya 1990 tu. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine haikosi kubana. Maoni yangu ni kwamba vipande vya uvimbe vinavyohifadhiwa katika nta hospitalini vichunguzwe hapa hapa, kwa ridhaa ya wenyewe. Chuo cha Nelson Mandela kiko Tengeru, na Hospitali ya KCMC iko Moshi tangu 1971. Kati yao hazifiki kilomita 100.

Wenzangu mnaosoma sayansi, kazi hiyo itafanywa na nani kama si sisi? Na kwa sasa, twendapo likizo, tuwaambie wazee wetu kuwa uvimbe wa shingo usifichwe kwa mtandio. Ulio mwingi si saratani. Lakini wa kutuambia hivyo ni hospitali, si macho yetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne