Anayetembea kwa Miguu Haombi Anasa

Kila panapotajwa mpango wa kutengeneza njia ya waendao kwa miguu kando ya Mto Nairobi, jibu huwa limeshaiva: hayo ni mambo ya matajiri. Utalisikia kwenye matatu, kwenye mabaraza ya mitaani, hata kwa wasomi wenye huruma ya kweli kwa maskini. Tuletewe kwanza maji ya mfereji, vyoo, nyumba na kazi, wanasema. Miti na vijia vya mazoezi vije baadaye. Maneno haya yana sauti ya kumtetea mnyonge, lakini mnyonge huyo ndiye yanayemwacha matopeni.

Simama alfajiri kwenye daraja la Mto Ngong upande wa Mukuru uangalie wapitao. Wanakwenda kutafuta kibarua Industrial Area kwa miguu, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingemega mkate wa watoto. Jijini Nairobi, takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Watu hawa hawatembei kupunguza uzito. Wanabana ukingoni mwa lami wakikwepa bodaboda na malori, wanaruka mitaro, na mvua ikinyesha wanashika viatu mkononi. Mwenye gari amejengewa Thika Road, na mwaka 2022 akafunguliwa Expressway ya kulipia. Mwenye miguu amejengewa nini?

Sasa tazama ramani. Mto Nairobi unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita chini ya Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Michuki, unakatiza Grogan, Gikomba na Shauri Moyo, kisha unateremka hadi Dandora na Korogocho. Mto Ngong unapita Kibera, Mukuru na viwandani. Mto Mathare unapita katikati ya Mathare yenyewe. Ukifuata mito hii mitatu, umepita wanakolala wafanyakazi wa jiji hili na wanakochumia riziki. Hakuna mhandisi angeweza kumchorea mwenda kwa miguu barabara nzuri kuliko hiyo. Bustani, soko, shule na kiwanda tayari viko ukingoni mwa maji. Kinachokosekana ni njia iliyosawazishwa, taa, na vivuko vya kuunganisha ng'ambo na ng'ambo.

Wanaosema vyoo kwanza, njia baadaye, wamesahau jambo moja. Maji taka hushuka bondeni, ndiyo maana mabomba makuu ya maji taka ya Nairobi yamelazwa kufuata mito hadi kwenye mabwawa ya kusafishia kule mashariki mwa jiji. Bomba likipasuka mahali ambapo nyumba zimesongamana hadi kwenye maji, fundi hana pa kupita na uchafu unamwagika mtoni. Ukanda ulio wazi, wenye njia imara, ndio unaomfikisha fundi kwenye bomba. Kuchagua kati ya choo na njia ni kutenganisha vitu ambavyo ardhi yenyewe imeviweka pamoja.

Vivyo hivyo kwa mafuriko. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua watu na kuzoa nyumba Mathare na Mukuru. Mto ulidai nafasi yake, ukaichukua usiku watu wakiwa wamelala. Nyasi na njia vikifunikwa na maji kwa siku mbili, vitaoshwa vitumike tena. Chumba cha mabati kikifunikwa na maji, familia imepoteza kila kitu.

Ipo hofu moja ambayo siwezi kuibeza. Baada ya mafuriko hayo, tingatinga ziliingia kando ya mito zikabomoa nyumba za maelfu ya watu, na wengi hawakuwa na pa kwenda. Waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Anayeishi ukingoni akisikia neno bustani leo, anasikia mngurumo wa tingatinga. Ana haki. Ila kosa hapo ni la waliobomoa kabla ya kuandaa makao. Mpango wa haki huanza na hesabu ya kaya, huwajengea watu nyumba karibu na kazi zao, kisha ndipo hugusa ukingo. Na sheria ya ukingo ipimwe kwa kamba moja, Mathare na Westlands. Agosti 2018 jumba la Ukay Centre la Westlands na Southend Mall ya Lang'ata yalibomolewa kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo tunajua kwamba serikali ikitaka, tingatinga hufika hata kwa mwenye nacho. Mkuki usiwe mtamu kwa nguruwe peke yake.

Kuna pia wanaosema njia italeta wezi. Korogocho imewajibu. Vijana wa Komb Green Solutions walizoa takataka ukingoni mwa mto kwa mikono yao, wakapanda miti, wakaifanya ile sehemu kuwa bustani ya watu wote. Hawakungoja kutajirika kwanza ndipo wapende kivuli. Msitu wa Karura nao uliwahi kuogopwa hata mchana. Leo, baada ya kuwekewa uzio na njia na kuwashirikisha majirani zake, umejaa watu. Mwizi hupenda mahali pasipopita mtu.

Tena, tajiri hahitaji bustani ya umma. Ana ua wenye nyasi nyumbani na klabu ya kuogelea. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliposimama kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, aliwalindia uwanja wao watu wa chumba kimoja ambao Jumapili hawana pengine pa kuwapeleka watoto.

Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa kufufua Mto Nairobi, uliotajiwa shilingi bilioni 50. Fedha hizo zikiishia kupamba mahali palipo pazuri tayari, wanaosema ni mambo ya matajiri watakuwa wameshinda, na sisi tuliotetea njia tutakuwa tumewashindisha. Kazi ianzie mashariki: Korogocho, Dandora, Mukuru. Vijana wanaosafisha mto sasa ndio waajiriwe kuutunza. Mama mboga apangiwe kibanda kando ya njia tangu kwenye ramani, asije akafukuzwa na askari wa jiji baadaye.

Ukiitwa kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mradi huu, nenda. Usiseme hatuhitaji njia. Uliza inaanzia mtaa gani, na waliopo ukingoni watalala wapi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 62, inasema mito ni ardhi ya umma. Umma wa Nairobi unatembea kwa miguu, na unastahili pa kukanyaga.