Maoni: Pesa ya komisioneri isaidie raia kujua bei ya nyumba

Familia iliyokimbia vita ikifika mjini, baada ya kupata chakula hutafuta nyumba ya kupanga. Hapo ndipo hukutana na komisioneri. Huyo huwaonyesha chumba, hutaja kodi, hutaja garanti, kisha huomba pesa yake mwenyewe, ambayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mzima. Baba na mama wanatazamana. Hawana namna ya kujua kama bei hiyo ni ya haki au imepandishwa kwa sababu wametoka mbali na watoto wamechoka.

Bei ya dola kila mtu mjini huijua tangu asubuhi. Bei ya chumba cha mbao katika kata fulani hakuna anayeitangaza. Anayeijua ni komisioneri peke yake, na ujuzi huo ndio biashara yake.

Shida hii wengine waliitafutia njia zamani. Katika jimbo la Texas, Marekani, ambako leo wanaishi pia Wakongomani wengi waliopelekwa huko kama wakimbizi, mtu hawezi kufanya kazi ya kuuza au kupangisha nyumba za watu bila leseni ya serikali. Mwaka 1971 bunge la jimbo hilo liliunda kituo cha utafiti wa nyumba na ardhi katika chuo kikuu cha Texas A&M. Gharama zake hazikutupwa juu ya raia wote. Sehemu kubwa hutoka kwenye ada za leseni: kwa miaka mingi, dalali mkuu ameongezewa dola 70 na wakala anayefanya kazi chini yake dola 20. Pesa hiyo hupelekwa chuoni, kwenye akaunti yake ya pekee. Wataalamu hukusanya bei za nyumba na ardhi, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila kulipa.

Wazo lenyewe ni rahisi: anayekula kutokana na nyumba achangie kidogo ili ukweli kuhusu nyumba ujulikane. Miji ya Kivu inalihitaji wazo hilo kuliko Texas. Mapigano yalipofika Goma mnamo Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na kambi zilizozunguka Goma zikabaki tupu, familia nyingi zilibaki bila mahali pa kulala. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu upangaji inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Lakini wapangaji wengi huombwa zaidi, na hakuna anayehesabu ni wangapi. Sheria isiyo na hesabu ni vigumu kuifuatilia.

Vyuo vikuu vya Goma na Bukavu vina wanafunzi wa uchumi wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo. Kwa mfano, mji wenye makomisioneri 500, kila mmoja akitoa dola 10 kwa mwaka, utapata dola 5,000. Pesa hiyo inaweza kuwalipia wanafunzi usafiri wa kuzunguka kata kwa kata kila baada ya miezi 3 na kuuliza kodi, garanti na komisioni. Matokeo yasomwe redioni, kwa Kiswahili, ili hata asiyejua kusoma ayasikie.

Wapo watakaosema komisioneri atamrudishia mpangaji mzigo huo. Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana ada lazima iwe ndogo, ilipwe mara moja kwa mwaka, na komisioni yenyewe iwekewe kikomo kinachojulikana. Wengine watauliza nani atakusanya pesa wakati utawala umegawanyika. Jibu ni kuanza kidogo: umoja wa makomisioneri na chuo kimoja waandikiane mkataba, na hesabu zibandikwe mahali pa wazi. Komisioneri mwaminifu atafaidika pia, kwa sababu kadi yake itamtofautisha na mwizi anayepangisha nyumba isiyo yake kisha akazima simu.

Jambo moja la Texas lisiigwe. Katika kamati ya watu 9 inayoshauri kituo hicho, 6 wanatoka kwenye biashara ya nyumba na 3 tu ni raia wa kawaida. Hapa, wapangaji na wakimbizi wa ndani wawe wengi, maana ndio wanaoumia bei ikifichwa.

Utafiti peke yake hautajenga nyumba hata moja. Lakini mama anayejua kwamba chumba kama hicho katika kata ile hupangwa kwa dola 15 hataweza kuombwa 30 kwa urahisi. Dola 15 zinazobaki ni chakula cha watoto.