Kicheko Kisichomjua Mwenye Shamba

Kila zinapotajwa filamu za kuchekesha zenye wanyama watundu, husemwa kwamba hizo ni za watoto, wala haimpasi mtu mzima kuzikunjia uso. Neno hilo lina kasoro. Mtoto hufunzwa na kicheko upesi kuliko fimbo.

Itazamwe filamu ya “Hatari!” ya Howard Hawks, Mmarekani, iliyopigwa Tanganyika na kuonyeshwa mwaka 1962, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru. Jina lake ni la Kiswahili, na mbuga zake ni za Arusha. Lakini wenye kusema, kupendana na kuchekesha ni wageni waliokuja kukamata wanyama wa kupelekwa ng’ambo. Vitoto vitatu vya ndovu humfuata bibi mmoja hadi mjini, na mwishowe chumbani, kitanda kikavunjika. Watazamaji hucheka, nao wana haki. Lakini kitanda kile hakikuwa chakula cha mwaka mzima cha mtu yeyote.

Huko Mbinga mambo ni mengine. Mmatengo hulaza nyasi mlimani, akazifunika udongo na kufanya mashimo ya ngoro, ili mvua isichukue rutuba. Kisha nyani humtangulia kuvuna mahindi. Pwani ya Ziwa Nyasa, kiboko atokaye majini usiku si kichekesho kwa mwenye mpunga. Mtoto alindaye shamba dunguni aujua utundu wa nyani kuliko mtunga filamu. Naye hucheka, lakini kicheko chake kimelipiwa.

Atasema mtu kwamba hadithi za wazee nazo zina Sungura mjanja. Ni kweli, na huo ndio ushahidi wenyewe. Sungura aibapo, yuko mwenye kisima na mwenye shamba, na hasara yao yatajwa. Filamu za kigeni humfuta mtu huyo, zikabakiza mnyama na mgeni. Mwaka 1994 “The Lion King” ilitwaa majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa. Na maneno “hakuna matata” yakaandikishwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney. Lugha ilialikwa karamuni; wenye lugha hawakuitwa.

Basi kulalamika hakutoshi. Watunzi wa Kiswahili na wapiga picha wapande dunguni, wamsikilize yule mtoto, wampe nafasi ya kwanza katika mchezo. Nyani atabaki mtundu vilevile, na watu watacheka zaidi, kwa kuwa watajua ni mahindi ya nani yaliyoliwa.